Paja la Verrall

Wiki ya pili sasa Redio King'ora ilikuwa ikijadili paja moja. Siyo mapaja, paja: la kushoto, la mchezaji nyota Tyson Verrall, aliyechanika msuli wa nyuma akiukimbilia mpira ambao hata hakuupata.

Voula Kaltsas alikuwa akilisikia paja hilo tangu anapofungua duka lake la samaki na chipsi pale mtaani Preston mpaka anapozima majiko. Siyo kwamba alilipenda. Wateja ndio waliolitaka. Siku aliyothubutu kuweka muziki, wanaume walisimama kwenye foleni wakitazamana kama watu waliofika msibani wakakuta hakuna aliyekufa.

Asubuhi walikuwa Bricko na Hendo, wachezaji wastaafu, wakilijadili paja. Mchana waliingia wastaafu wengine wawili, wakajadili walichosema Bricko na Hendo. Jioni wasikilizaji walipiga simu kulalamika kwamba wale wa mchana hawakuwaelewa wale wa asubuhi. Katikati yalipita matangazo ya kubeti, halafu sauti moja yenye haraka, kama mtu anayekimbilia basi, ikikuonya kwamba kubeti kunaweza kukuharibia maisha. Futiboli yao, ile ya mpira wenye umbo la yai, ilikuwa na msimu, lakini maongezi hayakuwa na msimu. Hata kriketi ilipoanza, Redio King'ora iliuliza wachezaji wa futiboli wako likizo wapi na nani kati yao kanenepa. Juzi tu dada mmoja wa mji huohuo alirudi na medali ya dunia ya kupiga makasia. Hendo alilisoma jina lake vibaya, akajicheka, akarudi kwenye paja.

Wangeongea upuuzi wao mpaka kiama na Voula asingejali. Lakini safari hii alikuwa na shida nao.

Binti yake Despina alikuwa nahodha wa Kasuku wa Preston, timu ya netiboli. Timu ilicheza vizuri, tatizo viti. Viti vilikuwa vitupu, vikitazama mchezo kwa adabu. Wakubwa wa ligi walikuwa wametoa neno lao: Jumamosi atakuja mtu wao kuutazama ukumbi. Ukijaa, Kasuku wanabaki ligini. Usipojaa, nafasi yao wanapewa watu wa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zenye mabwawa ya kuogelea.

Voula alibandika makaratasi ya kutangaza mechi, yenye picha ya Despina, kila ukuta uliomvumilia. Alifungia samaki ndani ya makaratasi hayo. Watu walikula samaki, wakatupa karatasi.

"Frank," alimwambia mteja wake wa kila siku, "wewe si rafiki yao pale redioni? Wapigie uwatajie mechi yetu."

Frank Mulcahy, dereva mstaafu wa tramu, alikuwa amepiga simu Redio King'ora mara nyingi kiasi kwamba watangazaji walimjulia hali mbwa wake. Aliweka chini kipande chake cha papa wa kukaanga.

"Mimi? Niwapigie King'ora niwaambie habari za netiboli? Bibie, unataka nihame mji?"

"Basi nifundishe, nipige mwenyewe."

"Hapo sawa. Kwanza, yule anayepokea simu akikuuliza unataka kuongelea nini, sema paja. Ukisema netiboli atakuwekea muziki mpaka uzeeke. Pili, ukiingia hewani, taja timu yako ya futiboli hata kabla hujamaliza salamu. Mtu asiye na timu hapa ni kama hana kitambulisho. Watakudhania mpelelezi."

"Sina timu."

"Azima yangu. Lakini uitaje kwa heshima, tafadhali, tumefungwa mara nne mfululizo."

Voula alipiga. Aliambiwa asubiri, akasubiri, simu imebanwa kati ya shingo na bega huku mikono ikigeuza samaki. Alisubiri wakati mtu wa Geelong akisema paja linataka barafu. Alisubiri wakati mtu wa Frankston akisema barafu ndiyo inayoua mapaja. Alisubiri wakati mama mmoja wa Dandenong, aliyekiri hajawahi kumwona Verrall ana kwa ana, akisema anamwombea. Dukani watu walikuwa wamejaa, maana Frank alishatangaza mpaka nje kwamba Voula anaingia hewani.

"Na sasa tunaye Voula wa Preston!" ilinguruma sauti ya Bricko. "Mambo vipi, bibie? Unamshabikia nani?"

Voula akaitaja timu ya Frank, meno yameumana.

"Pole sana!" Bricko na Hendo wakacheka kwa pamoja, kama walivyocheka kwa kila mtu tangu walipoajiriwa. "Haya, tupe. Paja unalionaje?"

"Paja litapona. Nimepiga kuwaambia kwamba Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa Preston, Kasuku wanacheza—"

"Kasuku! Hendo, kasuku wanacheza nini siku hizi?"

"Karata, nadhani."

"Netiboli," Voula akasema. "Binti yangu ni nahodha. Timu itafutwa kama watu hawata—"

"Safi kabisa. Mpe hongera binti, mazoezi ni afya. Sasa Voula, kabla hatujaenda kwenye matangazo—"

Voula aliijua sauti hiyo. Ndiyo sauti ya mlango unaosukumwa taratibu usoni pako. Akatoa neno lolote lililokuwa karibu na mdomo.

"Hata mtaalamu wetu wa viungo ndiye huyohuyo anayemkanda Verrall wenu! Ruvin Perera! Kila Jumamosi anakaa kwenye benchi letu!"

Redio King'ora ikanyamaza. Dukani watu walitazama spika, wengine wakidhani umeme umekatika, kwa sababu kituo kile kilikuwa hakijawahi kukaa bila sauti ya mtu.

"Voula," Hendo akasema polepole. "Rudia."

"Ruvin Perera. Anakaa kwenye benchi letu."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Bricko. Timu si ilisema Verrall atajaribu mguu mwishoni mwa wiki, mahali ambapo hawakupataja?"

"Walisema."

"Ukumbi wa ndani, Bricko. Sakafu ya mbao. Inabonyea kidogo, haiumizi msuli."

"Na hakuna waandishi!"

"Nani angemtafuta pale? Nani, duniani, angemtafuta mtu kwenye netiboli?"

"Hakuna! Hii ni akili kubwa, Hendo! Hii ni akili ya ajabu!"

Voula alikuwa ameshafungua mdomo awarekebishe. Ruvin alikuja Jumamosi kwa sababu mkewe alikuwa mlinzi wa goli la Kasuku, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kumpikia. Hayo tu. Neno moja lingetosha. Alitazama karatasi moja sakafuni, ina alama ya kiatu juu ya uso wa binti yake.

"Voula, bado upo? Umesema ukumbi gani?"

"Ukumbi wa Preston," alisema, akitamka taratibu kama anayemtuma mtoto dukani. "Saa nane. Mlango uko upande wa maegesho."

Jioni hiyo Despina aliingia dukani hata begi la mazoezi hajalitua.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimetangaza mechi."

"Umetangaza mwanaume! Kila mtu kazini ananiuliza atafika saa ngapi. Sitaki watu wanaokuja kumtafuta mtu ambaye hayupo."

"Uongo wangu uko wapi? Sema. Ruvin haitwi Ruvin? Hakai benchini?"

"Ukweli nao hukuusema."

"Ukweli niliusema mwezi mzima, mwanangu. Niliubandika mpaka kwenye choo cha stesheni. Nani alikuja?"

Despina aligeukia mlango. Aliondoka na begi lake begani bila kula, jambo ambalo katika familia ile lilikuwa tusi kubwa kuliko matusi.

Jumamosi, saa saba na nusu, maegesho yalikuwa yameshajaa na magari yameanza kupanda ukingo wa barabara. Walikuja na skafu za timu zao shingoni. Walikuja na darubini, ndani ya ukumbi ambao ungeweza kurusha kiatu kutoka ukuta hadi ukuta. Waliingia, wakakaa, wakaupa uwanja mgongo ili waweze kuutazama mlango vizuri. Hendo mwenyewe alifika na kipaza sauti chake, akafungua matangazo ya moja kwa moja, akiwasimulia wasikilizaji wake mlango.

"Ni mlango mweupe, Bricko. Umefungwa. Sasa umefunguka... ni mama na mtoto. Umefungwa tena."

Janine Osterlund, mtu aliyetumwa na ligi, alisimama pembeni amekunja mikono.

"Huu umati ni wa kwenu?" alimuuliza Voula.

"Unaona wameingia kwa mlango wetu."

"Nitaangalia watakaobaki mwisho. Kujaza mwanzo hata harusi ya mtu asiyependwa inajaa."

Mechi ikaanza. Ruvin Perera, mtu mpole ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kutazamwa, alikaa benchini akisukuma miwani yake juu. Alipopiga chafya, ukumbi ulisimama. Msichana mmoja alipoteguka kifundo cha mguu, Ruvin akaingiza mkono kwenye begi, na sauti zikalipuka nyuma yake: "Bendeji! Anatoa bendeji!"

"Bricko, nathibitisha, ni bendeji," Hendo alinong'ona. "Na kwa upana ninaouona mimi, ile siyo ya kifundo. Ile ni ya paja."

Despina alifunga magoli sita katika robo hiyo ya mchezo. Waliomwona ni mama yake na Janine, na labda Mungu kama hakuwa akitazama mlango.

Mapumziko yalipofika, Verrall hakuwa amefika. Manung'uniko yakaanza. Mtu mmoja akakunja skafu, wa pili akamfuata, halafu safu nzima ikainuka. Voula aliwaona wakitoka na akamwona Janine akiwaona. Hendo alikuwa anakusanya nyaya.

"Tumepoteza muda, bibie. Hayupo."

Voula alitazama viti vikirudia sura yao ya zamani. Akajifuta mikono kwenye sketi ingawa haikuwa na mafuta.

"Huenda," alisema. "Mimi muuza samaki tu, nitajua nini. Ila Ruvin bado amekaa. Na begi lake lina mifuko mitatu, na amefungua mmoja."

Hendo akasimama na waya mkononi. Alimtazama Ruvin. Akalitazama begi. Akawasha kipaza sauti.

"Bricko, kuna jipya! Mifuko miwili haijafunguliwa! Narudia, mifuko miwili!"

Kule maegesho wenye magari walikuwa wameshawasha injini, na kama ilivyo kwa watu wa aina ile, injini ilipowaka redio iliwaka nayo. Walisikia kuhusu mifuko. Milango ya magari ikafunguka yote kwa pamoja. Watu wazima, wenye wajukuu, walivuka maegesho mbio wakisukumana bega kwa bega, na mmoja akaacha gari lake linanguruma lenyewe. Walirudi kujaza hata ngazi. Waliokosa kiti walikosa pa kusimama isipokuwa kandokando ya uwanja, na pale, watake wasitake, macho yaliangukia kwenye mchezo.

Frank Mulcahy alikuwa mmoja wao. Robo ya tatu alikuwa bado amegeuza shingo mlangoni. Robo ya nne, magoli yakiwa sawa, Voula alimsikia akipiga kelele.

"Hatua! Refa, amepiga hatua! Wewe refa una macho au vifungo?"

"Frank," Voula akamwambia, "geuka, utapitwa na Verrall."

"Niache, mwanamke! Mpe Despina mpira! Mpe Despina, jamani!"

Walimpa Despina. Alikuwa na mikono ya wapinzani wawili usoni, na nyuma yake ukumbi mzima, nusu ukimtazama yeye na nusu ukilitazama begi. Aliurusha. Mpira ulizunguka ukingoni mwa chuma ukifikiria, ukaingia. Filimbi ikalia. Kasuku wakarukiana, na mke wa Ruvin akamrukia Ruvin, na kwa kishindo hicho begi likaanguka, mifuko yote ikamwagika: taulo, chupa ya maji, ndizi.

"Ndizi," Hendo aliwaambia wasikilizaji kwa huzuni.

Janine alikunjua mikono. "Nilitumwa kuangalia kama ukumbi unajaa mpaka mwisho," alimwambia Voula. "Umejaa. Sikutumwa kuangalia watu wametazama wapi. Mnamaliza msimu, na mwakani nitawaombea tena, lakini nitarudi kuona."

Wakati huo Hendo alikuwa ameshamfikia Despina na kumchomekea kipaza sauti kidevuni. Jasho lilimtiririka msichana, goti lilikuwa limechubuka. Hii ilikuwa mara ya kwanza Redio King'ora kumsogelea mchezaji wa netiboli kwa hiari yake.

"Nahodha! Swali moja tu, la haraka. Verrall yuko wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa pale, fupi, na Despina alikuwa ametishia siku nzima kulitoa mbele ya kila mtu. Despina alimtazama Hendo kuanzia viatu vyake vya bei mpaka tumbo lake la mchezaji mstaafu. Akautazama umati ulioinama mbele kulisubiri neno lake, watu wazima na skafu zao. Halafu akamtazama mama yake, na mdomo wake ukakunjika kama aliyeonja maziwa yaliyolala.

"Wiki ijayo tunacheza tena," alisema. "Hapahapa. Saa nane."

"Wiki ijayo!" Hendo alipaza sauti. "Bricko, umesikia? Umesikia alivyosema? Wiki ijayo!"

Neno likapita safu kwa safu mpaka nje, na maegesho yakanguruma kwa mjadala. Hakuna aliyeuliza nani ameshinda.

Despina akampita mama yake bila kusimama.

"Usiniongeleshe," alisema.

"Sijasema kitu."

"Na wiki ijayo ufungue mlango wa nyuma pia. Ule mmoja hautoshi."