Pazia la Tabaka Tatu

Pete ya mwisho ilikataa kutoka kwenye fimbo, nikaivuta kwa hasira mpaka msumari ukang'oka ukutani na pazia likaniangukia kichwani. Nilipojitoa ndani yake, dada alikuwa amekaa kitandani, mikono usoni, jua limemfikia magotini. Ndipo nilipoona jinsi miguu yake ilivyokonda. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeiona kwenye giza tu.

Mimi ni fundi wa mapazia. Cherehani yangu ya kwanza alininunulia dada huyu, kwa mshahara wake wa ualimu, wakati ambapo ndugu wengine walikuwa wakisema sina mbele wala nyuma. Kwa hiyo kipandauso kilipomshika, akawa anatapika na kuukimbia kila ufa wa mwanga, sikungoja kuambiwa. Nilichukua kitambaa kizito, nikakitia bitana mbili nyeusi, nikaongeza upana wa kiganja kila upande ili kisibaki hata kijipengo. Nilipolitundika pazia hilo saa sita mchana niliweka mkono mbele ya macho yangu, nisiuone.

"Hapo umenitendea haki," dada alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akapata usingizi.

Kizuri chajiuza. Majirani waliingia kwa kunyata kulipapasa, kisha wakaagiza ya kwao. Mimi kichwa kilinivimba kwa sifa, cha dada kikazidi kuuma. Maumivu yaliyokuwa yakija mara mbili kwa mwezi yakawa ya kila wiki, kisha mara tatu kwa wiki, nami kila yalipozidi nilizidi kuziba: tambara chini ya mlango, karatasi kwenye tundu la ufunguo. Hata siku za nafuu hakutoka, kwa woga. Mwalimu mkuu alikuja kumjulia hali, akasema darasa lake la kwanza litamngoja mpaka muhula mpya uanze. Baada ya hapo angelazimika kumpa mtu mwingine.

Zilibaki wiki tatu nilipompeleka dada kwa daktari mwingine, uso wake nimeufunika shuka. Daktari alipima damu. Majibu yalipotoka aliuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Mchana anakaa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba kina dirisha?"

"Lina pazia, daktari," nilisema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa kujisifu. "Nimelishona mwenyewe, miaka miwili sasa. Halipitishi hata uzi wa mwanga."

Akaweka kalamu chini. Alisema vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza ikipata jua, ilikuwa imebaki kidogo mno mwilini mwa dada.

"Siwezi kuapa kwamba ndiyo inayoleta kipandauso," alisema taratibu. "Wako wenye upungufu huu na kichwa hakiwaumi. Lakini huyu amekaa gizani miaka miwili, mama. Tuanze na dawa, na jua la asubuhi, kidogo kidogo. Itachukua miezi."

Miezi, na sisi tulikuwa na wiki tatu.

Siku hiyohiyo ndipo nilipoling'oa pazia. Niliketi palepale sakafuni, nikaanza kulifumua kwa wembe huku nalia.

"Acha kuliharibu," dada alisema, mikono bado usoni. "Kazi yako haikuwa na kasoro. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu."

Ningependa zaidi kama angenitukana.

Siku hizi kichwa humshika mara moja kwa mwezi, mara mbili kikizidi. Darasa lake lilipewa mtu mwingine, na maji yakimwagika hayazoleki. Wateja hunilalamikia: fundi, mbona mapazia yako yanaingiza mwanga? Huwaambia watafute fundi mwingine.

Kila asubuhi nampelekea kiti mlangoni. Hukaa uso juani, macho amefumba, watoto wa shule wakipita. Wakubwa humwamkia, wadogo hawamjui. Kengele ya shule ikilia, huinuka nusu, mikono magotini, kisha hukaa tena. Nami huinamia cherehani yangu kana kwamba sijaona.