Mayai Chini ya Tumbawe

Shemeji alinipigia simu akiwa na furaha, na tangu tumzike mdogo wangu, mkewe, sikuwa nimeisikia furaha kwenye sauti ile.

"Dada, wanazaa! Njoo uone, tangi la mwenzangu linazaa!"

Nikafunga duka langu la samaki wa mapambo mchana kweupe, wateja wakanuna, nikaenda.

Shemeji ni fundi saa. Tangi la kioo la kufugia matumbawe lilikuwa la mkewe. Kazi yake yeye ilikuwa kubeba ndoo za maji ya chumvi na kulalamikia kiuno. Mkewe alipofariki, akajitoa mzimamzima kwa tangi lile. Sebule yote ilinuka bahari.

Akanipa lenzi yake ya kubana jichoni. Nikamwambia huyu konokono mweusi anayelamba kioo ni mwema, na huyu anayejizika mchangani naye mwema, waache waendelee kula. Akachekelea kama mwanafunzi aliyepata zote. Kisha akalitoa taratibu tumbawe la zambarau, bapa kama sahani, lile ambalo mdogo wangu alilikuza kutoka kipande cha ukubwa wa kucha, akaligeuza.

Chini yake kulikuwa na vishada vya mayai meupe. Katikati yake walitambaa konokono wasio na gamba, wadogo kuliko punje ya mchele, wenye vidole vidogovidogo mgongoni. Nikamnyonya mmoja kwa bomba la sindano, nikamweka kwenye kikombe niwe na hakika. Wala haikuwa na haja. Ukingo mzima wa tumbawe ulikuwa umebaki mfupa mtupu.

"Wazuri, eh? Kila asubuhi nawasalimia. Nawaambia, mama yenu angefurahi."

Domo langu halina breki, mtaa mzima unajua, lakini siku hiyo lilikwama.

"Shemeji, hawa ndio wanaolila tumbawe hili."

Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Tumbawe lake?"

"Hawali kitu kingine. Tukiyasugua mayai leo, tukaliogesha dawa na kurudia kila wiki, huenda likapona."

"Wametoka wapi?"

Nilikuwa nimeshaona. Kando ya mahali pa tumbawe lile palikuwa na kipande kipya cha tumbawe la kijani, kimegandishwa kwa gundi, na uharibifu ulianzia upande huo. Siku ya mazishi hakikuwepo; shemeji alikinunua baadaye. Mdogo wangu kila kipande kipya alikiogesha dawa, akakitenga kwenye ndoo jikoni kwa wiki kadhaa, lakini aliyafanya hayo wakati mumewe yuko kazini, naye ndoo aliiona ni ndoo tu. Nani angemwambia?

Nikamtazama. Amekonda hadi pete inazunguka kidoleni. Sikuweza.

"Waliingia zamani," nikasema. "Aliwaleta mkeo mwenyewe bila kujua."

Nilidhani nimemtua mzigo. Uso wake ukalainika, akalirudisha tumbawe majini kwa mikono miwili.

"Basi waache."

"Litakufa lote!"

"Dada, nguo zake mlishazichukua. Simu yake imefungwa. Hawa bado wanazaana. Mimi siui kitu alichokileta yeye."

Machozi yakanitoka pamoja na hasira. Ningenyamaza, angebaki na amani yake, na baada ya muda mfupi pangebaki mfupa wa kile ambacho mikono ya mdogo wangu ilikiotesha.

"Nimekudanganya, shemeji. Hawakuja naye. Walikuja na hicho cha kijani."

Akainama mbele ya kioo, usawa wa kipande kile.

"Nilililetea mwenzake," akasema. "Niliona limebaki peke yake."

"Hukujua."

Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono majini, akalitoa tena tumbawe la mkewe, akalilaza mapajani juu ya taulo. Akaniomba nimletee mswaki. Akaanza kuyasugua mayai kishada baada ya kishada, akiomba radhi kwa sauti ya chini, akimwita mdogo wangu kwa jina la mapenzi ambalo sisi ndugu zake hatukuwahi kulisikia.