Maua ya Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

"Mama Njiru, hicho kitabu chenu unakimwagilia maji mara ngapi kwa wiki?"

Gladys, jirani wa Ciakuthii, aliuliza hivyo siku alipokuja kuazima ungo wa kupepetea ndengu. Ciakuthii akamjibu kwamba hakimwagilii, kinamea chenyewe. Gladys akasema basi ana bahati, maana yeye za shambani zimemkaukia nusu. Akabeba ungo, akaenda.

Kitabu kilikaa mezani, kando ya Biblia. Kilihusu sheria za koo na ardhi za Wambeere. Aliyekiandika, Daktari Gacheri wa chuo kikuu, alikuja miaka minne iliyopita, akaketi kwenye kigoda, akauliza jinsi mipaka inavyolindwa. Ciakuthii alimweleza juu ya itoka, yale maua meupe ambayo wazee hupanda mpakani na mtu hathubutu kuyagusa. Hapo alisema kweli. Kisha akaongeza kwamba ya kwao hayajawahi kusogezwa.

Yalikuwa yamesogezwa. Marehemu mumewe, Ngari, aliyang'oa asubuhi moja ya masika, akayapanda hatua arobaini ndani ya shamba la dada yake, Cicily. Ciakuthii ndiye aliyeshika kikapu. Leo nyumba ya mwanawe Njiru imesimama juu ya hatua hizo arobaini. Kanisani, ile laana ya mwenye kuhamisha mpaka ikisomwa, watu wote huitikia Amina. Yeye hukohoa.

Kitabu kikashinda tuzo ng'ambo. Waamuzi waliusifu ukurasa wa mia na kumi na mbili, ule wa maneno ya Ciakuthii, kuliko kurasa zote. Wiki hiyohiyo itoka ikachipuka katika ukurasa huo. Akaikata, ikamea tena. Mizizi ikatoboa meza, ikatambaa sakafuni hadi ukutani, ikapita chini yake, na maua yakatokeza nje, upande huu wa nyumba ya Njiru, yamejipanga sawasawa pale mpaka wa zamani ulipokuwa. Njiru akayawekea miiba kuku wasiyaparue.

Ciakuthii alimpigia Daktari simu, akamwambia kitabu kimemea. Daktari alifurahi, akaomba picha. Lile jambo lenyewe Ciakuthii hakulitaja. Alisema simu inaisha chaji.

Cicily alipoyaona maua alimwita chifu. Chifu akaja, akayatazama, akasema mstari umenyooka kweli. Kisha akasukuma majani kando, akausoma ukurasa, akasema serikali hufuata maandishi, na haya tena yamepewa tuzo. Labda apatikane shahidi aliyeona kwa macho.

Jumamosi saa nne Cicily akaingia kwa Ciakuthii, akapewa chai. Hakuja na matusi.

"Wifi," alisema, "mimi sitaki nyumba ya mtoto ibomolewe. Nataka tu useme. Ngari hakuyabeba maua yote mikononi. Kikapu kilishikwa na nani?"

Ciakuthii aliinama. Uso ulimwaka kama aliyekaribia mafiga mno. Akausikia mdomo wake ukisema kwamba maua yamezidi humu ndani, na kama Cicily atapenda, achume machache ya kupamba madhabahu kesho.

Cicily akakiweka kikombe chini, kimejaa vilevile. Akainua pindo la sketi, akaivuka mizizi mmoja baada ya mwingine, asivunje hata mmoja, akatoka.