Kazija na Ubao wa Kesi

Sukari ilikuwa ya arusi. Mtaani Mkunazini walilijua hilo, na kijijini Kizimkazi walilijua zaidi, maana ndiko ilikotoka. Shaame, seremala, alikuwa anamwoza binti yake, na mwaka ule wa sabini na moja sukari ilikuwa ya foleni, kila nyumba na kipimo chake. Ami yake, Mzee Msabah, aliyekuwa akiuza katika duka la ushirika huko Kizimkazi, akawaomba jamaa kila mmoja atoe kidogo katika fungu lake. Tawi la chama la huko likaridhia, likaandika barua. Ikapatikana nusu gunia, ikapakiwa kwenye gari la shamba, na Shaame akakamatwa nayo alipokuwa akiishusha mjini, Darajani. Polisi wakasema ni magendo, wakamweka ndani.

Dada yake, Kazija, alikuwa mshoni wa nguo za kike, mjane asiye na mtoto. Alikuwa na sauti nzito na mazoea ya kumtazama mtu usoni anaposema naye, na mazoea hayo yalikuwa yameshawaudhi wengi. Siku ile ile alikwenda kwa wakili mmoja wa zamani aliyekuwa sasa anashinda kibarazani kwake bila kazi. Mzee yule akamwambia asijisumbue. Mahakama mpya hazikutaka mawakili; mshitakiwa anajisemea mwenyewe na analeta mashahidi wake. Akaingia ndani akamletea Gazeti Rasmi la Serikali lilimochapwa tangazo la mahakama hizo. Kazija alilisoma pale pale amesimama, akalirudia, kisha akaomba aondoke nalo. Mzee akamwachia. Yeye halimsaidii tena, alisema.

Kazija alishikilia kifungu kimoja: tarehe za kesi zitabandikwa nje ya mahakama ili watu wote wazijue.

Kesi ilipopangwa, Mzee Msabah alikuja mjini na barua ya tawi mfukoni. Wakaambiwa imeahirishwa. Akarudi kwao. Zikapita wiki, na Kazija alipokwenda kuuliza, akaambiwa kesi ilishaitwa jana yake, shahidi hakufika, na ikiitwa tena hukumu itatolewa, awepo shahidi asiwepo. Kazija akauliza tarehe hiyo ya jana ilibandikwa lini. Karani, jina lake Muhiddin, akasema ilibandikwa asubuhi. Na ilibanduliwa lini? Asubuhi.

Basi akafahamu mchezo ulivyo. Karatasi ilikuwa ikipachikwa ubaoni mapema, na kabla jua halijapanda ikaondolewa. Wa mjini wenye bahati waliiwahi. Watu wa shamba walifika magari yao yakiwa yamechelewa, wakakuta ubao mtupu.

Tangu hapo Kazija alianza kushona jioni, asubuhi akawa mlangoni pa mahakama. Mzee Msabah naye alikataa kurudi kijijini. Alihamia kwa mwanawe, mtaa wa Amani, akasema hatoki mjini mpaka aitwe.

Mwanzo Kazija alisoma kwa macho tu. Kisha bibi mmoja aliyekaa chini amejikunyata akamwomba amtazamie jina la mwanawe. Alipomsomea, mwengine akaomba. Kesho yake hakungoja kuombwa. Karatasi ilipopachikwa tu, alisimama mbele yake akaisoma yote kwa sauti ile nzito, jina kwa jina, kosa kwa kosa, mpaka waliokuwa ng'ambo ya njia wakasikia. Habari zikaenea. Watu wakawa wanakuja kwa ajili ya kumsikiliza, na aliyesikia jina la jirani yake alitoka mbio kwenda kumwita. Mmoja wao alikuwa Hija, mchukuzi wa mizigo mwenye baiskeli, ambaye ndugu yake aliponea hapo hapo, mashahidi wake wakawahi kuitwa.

Muhiddin akamwita pembeni.

"Bi Kazija, hapa si chuoni. Ukishaona la kwako, nenda zako."

"La kwangu nshaliona halimo. Sasa nawasomea wenzangu."

"Nani kakuruhusu?"

"Wewe. Karatasi umeibandika nje. Kama hutaki isomwe, ibandike ndani ya kabati lako."

Watu waliokuwa karibu wakainamisha nyuso zao wasionekane wanacheka. Lakini kesho yake alipofika katikati ya karatasi, polisi wawili wakamshika mikono. Kazija aliendelea kusoma huku anavutwa, mpaka maneno yakawa hayaonekani tena.

Mwanaasha, mke wa Shaame, alipopata habari alikaa kitako jikoni. Mume ndani, na sasa wifi. Miaka ile mtu akichukuliwa hukujua utamuona lini, na wengine hawakuonekana. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa haya, hasemi mbele za watu hata kwenye arusi, na kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, herufi bado zikimpa tabu. Alilia hapo mpaka machozi yakamwisha. Asubuhi alijitanda buibui akaenda.

Watu walikuwepo, wamesimama mbele ya ubao kama waliofiwa. Karatasi ilikuwepo. Hakuna aliyeisogelea. Mwanaasha akajipenyeza, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na akaanza. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Sauti yake haikufika popote. Mtu nyuma akasema, kwa upole, aongeze kidogo. Akaongeza. Muhiddin alitokeza mlangoni, akatazama umati ule, akarudi ndani.

Kwenye jina la tano kidole kilisimama. Lilikuwa la mumewe. Leo.

Hija alikuwa anapajua alipofikia Mzee Msabah, hakungoja kuambiwa. Alirukia baiskeli yake akaelekea Amani, na kesi ya Shaame ilipoitwa, Mzee Msabah alikuwa anaingia mlangoni, amekalia chuma cha nyuma cha baiskeli njia nzima, kanzu imejaa vumbi. Nyuma yake wakaingia wale wa ubaoni, kwa kadiri chumba kilivyoweza kuwachukua.

Mahakimu walikuwa watatu. Mkubwa wao akauliza watu wote hawa wametoka wapi. Mzee Msabah akamwamkia, akasema hao wengine hajui walikotoka, ila yeye katoka Kizimkazi, na sukari ile aliipima kwa mkono wake. Akaitoa barua ya tawi. Mahakimu wakaipokezana, wakanong'onezana muda mrefu. Ilikuwa wazi kwamba wangependa kuahirisha. Lakini shahidi alikuwa mbele yao, na chumba kizima kinawatazama. Shaame akaachiwa. Sukari hakurudishiwa, na hakuna aliyesema ilikwenda wapi.

Kituoni, mkuu wa kituo alimwekea Kazija karatasi ya kuahidi kwamba hatosoma tena mbele ya mahakama. Akitia saini, atatoka sasa hivi. Shaame na Mwanaasha walikuwa wameshafika, wanangoja mlangoni, na Shaame akamsihi dada yake aitie, mambo yashakwisha.

Kazija akamtazama yule mkuu usoni.

"Nioneshe sheria inayokataza kusoma karatasi ya serikali. Gazeti nimelisoma lote, mpaka matangazo ya leseni zilizopotea. Haimo."

"Bibi, utalala hapa tena."

"Ntalala. Saini yangu hupati."

Akalala. Alituambia baadaye sisi wa mtaani kwamba usiku ule aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na kwamba kila aliposikia funguo zinalia alidhani wanakuja kumpeleka kusikorudiwa. Mchana wa siku ya pili mkuu alimfungulia mwenyewe. Karatasi ilikuwa bado mezani, nyeupe mahali pa jina. Alimwambia aende, na asimuone tena.

Arusi ikafanywa Ijumaa, chai ikanywewa kwa asali aliyoileta Mzee Msabah, na wageni hawakulalamika. Shaame alidhani sasa dada yake atatulia na cherehani yake. Jumatatu akamkuta anafunga mlango alfajiri, akamuuliza anakwenda wapi, na hali yeye, kaka mtu, yupo nyumbani salama.

"Wewe upo," alisema Kazija. "Wenzio bado wamo ndani."

Mahakamani alikuta ubao umepandishwa, umepigiliwa misumari juu kabisa, karibu na kizingiti. Muhiddin alikuwa amesimama chini yake anafuta mikono vumbi. Kazija alivuka njia, akabisha kwenye nyumba iliyokabili, akaomba kigoda. Bibi wa nyumba ile akampa, kisha akatoka naye, akamshikia kisiyumbe. Kazija akapanda, akasafisha koo, akaanza na jina la kwanza.