Maneno ya Redio Hayakuhama

Mtaa mzima ulimwita Redio, na jina hilo hakupewa bure. Kabla kiharusi hakijampiga alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kusimamisha kabati lisilo na mguu mmoja na watu wakaligombania. Akitoka mnadani hazimwi. Nyumbani anaongea, msibani anaongea, hata akipiga chafya utadhani anatangaza bei. Kisha asubuhi moja aliinuka kitandani, akafungua mdomo amuite mkewe, pakatoka mlio usioeleweka. Mkono wa kulia ulilala, ulimi ukalala nao. Hata kichwa kilimsaliti: akikubali kinatikisika, akikataa kinainama, mpaka watu wakaacha kukisoma.

Aliyemrudishia maneno ni mkewe. Huyu ni fundi wa cherehani, na kila mtu humwita Fundi tu, mwanamke asiyeweza kulala ikiwa kuna uzi unaning'inia mahali. Mama wa mazoezi pale zahanati alimwekea Redio programu kwenye simu yake, yenye visanduku vya picha. Ukibonyeza kisanduku, kinasema. Sauti unaiweka mwenyewe. Fundi akajifungia chumbani na ile simu. Kwenye picha ya kikombe akasema, "Naomba chai." Kwenye picha ya mto akasema, "Nimechoka." Akaongeza "Niko salama," akaongeza "Nashukuru," na "Karibuni," na "Mungu awabariki," na mengine ya namna hiyo, mpaka ukurasa ukajaa. Alipotoka chumbani mume alikuwa na maneno tena.

Tangu hapo Redio alisema kwa sauti ya mkewe. Watu walicheka mwanzoni, wakazoea. Kila jioni Fundi alimtoa barazani, akamkalisha kwenye kiti chenye mito, na wapita njia wakamsalimu naye akabonyeza: niko salama, nashukuru, karibuni. "Mwenzetu una bahati," majirani walimwambia Fundi. "Kwa wagonjwa wengine hapakaliki. Wako hana neno!" Naye Fundi alivimba kidogo, kama mtu anayesifiwa mshono.

Halafu simu ikaanguka sakafuni. Haikufa, ila kioo kilipata ufa, na upande mmoja wote ukawa hausikii kidole. Redio anabonyeza maji, kimya. Anabonyeza tena kwa hasira, kidole kinateleza, simu inajibu, "Mungu awabariki," au "Nimechoka." Fundi akawa anakimbia na mto kwa mtu mwenye kiu. Bahati nzuri dada yake alikuwa na simu nzima aliyoacha kuitumia, akampa. Bahati mbaya mvua kubwa ilikuwa imeuangusha mnara, na mtaa wote haukuwa na intaneti hata ya kuonja. Hiyo programu ataipataje?

Akamkumbuka shemeji yake, mdogo wake Redio, kinyozi. Katika kibanda cha kinyozi kuna desturi yake. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni, mikono iko chini, hana pa kwenda, basi kinyozi huomba simu yake na kuilaza kando ya simu ya kibanda. Mteja anaacha programu moja, anachukua nyingine. Michezo, kalenda, tochi, kamera za kumfanya mtu awe na meno meupe, vyote vilipita pale bila tone la intaneti. Watu walisema ukienda kunyoa kwake unarudi na kichwa chepesi na simu nzito.

"Shemeji," Fundi alisema, "unaweza kuhamisha kitu bila intaneti?"

"Shemeji yangu, mimi nahamisha mpaka usingizi. Lete zote mbili."

Alimwacha mteja wake amenyolewa upande mmoja, akazilaza simu ubavu kwa ubavu juu ya meza, kati ya mikasi na poda. "Hii ya zamani inajitengenezea mtandao wake mdogo," alieleza, "hii mpya inajiunga. Mnara hauhusiki. Ni watu wawili wananong'onezana tu."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Fundi aliutazama bila kupepesa. Ulipofika mwisho simu mpya ikagoma. Ikaandika kwamba programu imetoka kwenye chanzo kisichojulikana na huenda ikadhuru.

"Kisichojulikana?" kinyozi aling'aka. "Mimi? Vichwa vyote vya mtaa huu vimepita mikononi mwangu, leo kisimu cha jana kinasema sijulikani!" Akabonyeza kuruhusu kwa kidole cha dharau. Ikatokea ile alama Fundi aliyoijua, mdomo mwekundu uliofunguka. Akashusha pumzi.

"Imehama?"

"Imehama, shemeji. Msalimie kaka."

Sasa hapa ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo mtu mchafu asingelifanya. Alifika nyumbani, akazitazama simu zote mbili, na mdomo mwekundu ulikuwa kwenye zote mbili. Hakuelewa. Kitu kikihama kinakuwaje bado kipo? Mwisho akajiambia kwamba yale yaliyobaki kule ni masalio, kama vitambaa vinavyobaki sakafuni ukishakata gauni, na masalio hufagiwa. Tena aliogopa simu zote mbili zisije zikamsemea mgonjwa kwa pamoja. Akaufuta ule wa zamani. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa nayo.

Ndipo akakaa karibu na mumewe, akafungua programu kwenye simu mpya, akamwekea mapajani kwa furaha. "Haya, Redio. Sema."

Ukurasa ulikuwa mweupe. Visanduku vilikuwepo, vimepangwa vilevile, lakini havina kikombe, havina mto, havina chochote, kila kimoja kina alama ya kujumlisha katikati. Fundi alibonyeza cha kwanza. Kimya. Akafunga programu, akafungua. Akazima simu, akawasha. Akaitikisa kidogo, akaisogeza sikioni, jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu. Maneno yako wapi? Aliyaona yakipita! Ule mstari wa kijani ulikuwa umebeba nini?

Alirudi kwa kinyozi karibu mbio, kanga inamdondoka begani, simu moja kila mkono. Yule mteja alikuwa bado kitini, sasa upande wa pili.

"Shemeji, ni tupu!"

Kinyozi alifungua, akafunga, akageuza simu juu chini kama anayetafuta kifuniko. "Haiwezekani. Michezo nikiirusha inafika mizima."

"Basi hii mbona haikufika?"

"Imefika. Si hii hapa? Inafunguka."

"Inafunguka, lakini haisemi!"

"Sasa hilo la kusema..." Alikuna kichwa, na mtu anayeshinda akikuna vichwa vya wenzake ukimwona anakuna chake ujue mambo yameharibika. 

Mteja akasema kutoka chini ya kitambaa, "Kwani ukirusha mchezo, na hatua uliyofikia inakwenda?"

Kinyozi akaishusha simu. "Haiendi," alisema. "Mtu anaanza mwanzo." Akamgeukia Fundi polepole, na uso wake ulikuwa umeanza kuelewa kabla ya mdomo. "Shemeji, nadhani nimekutumia nyumba. Wenye nyumba wamebaki kule."

"Basi turudi tukawachukue."

"Lete hiyo ya zamani."

Fundi hakuileta. Aliikumbatia kifuani akasema kwa sauti ndogo kwamba kule amekwisha kufuta. Hakuna aliyecheka, hata yule mteja.

Njiani alilia. Si kwa sababu ya kazi. Kurekodi maneno si kazi. Alilia kwa sababu alimwona mumewe kimya tena, mdomo wazi kama siku ile ya kwanza, na safari hii aliyemnyamazisha ni yeye. Alifika akapiga magoti mbele ya kiti. "Nimekufutia maneno yako, mume wangu. Yote. Hakuna hata moja."

Redio aliutazama ule ukurasa mweupe muda mrefu. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa uso, cha kukoroma, lakini kilikuwa kicheko, na Fundi hakuwa amekisikia tangu kiharusi. Kilimtisha. Alimwinua mikono kuona kama mmoja unashuka zaidi, akamkagua macho, akamwambia atoe ulimi. Mtu anapotezewa maneno yake yote anacheka nini? Akili imeguswa, aliwaza. Usiku huo alilala jicho moja.

Asubuhi alianza upya. Safari hii hakujifungia chumbani. Alikaa ubavuni pa mumewe, maana alitaka amwone asije akacheka tena. Simu mpya ilikuwa na utaratibu wake: ukimaliza kurekodi inakuonyesha alama mbili, moja ya kuhifadhi, moja ya pipa la taka.

Akasema kwenye simu, "Naomba chai."

Kidole gumba cha kushoto cha Redio kikaja kikabonyeza pipa.

"Aa, umekosea, hapa." Akarudia. "Naomba chai." Pipa.

Sawa, pengine hajisikii chai. "Niko salama." Pipa. "Nashukuru." Pipa, upesi zaidi. "Karibuni." Hapo kidole kilikuwa kikimngoja amalize.

Alijaribu kwa upole, alijaribu kwa kubembeleza, akashika kile kidole na kukielekeza mwenyewe penye alama ya kuhifadhi, kikajivuta kurudi. Haelewi, aliwaza. Hajui kuhifadhi ni ipi na kutupa ni ipi. Lakini macho yake yalikuwa yamemkazia kabisa, makavu, ya dalali anayengoja bei nyingine, na hayo macho ndiyo yaliyomchanganya zaidi.

"Mungu awabariki," alisema. Pipa.

"We mwanamume, unataka nini?" Sasa alikuwa amesimama. "Nakupikia, nakuogesha, nakuvisha, nakusemea! Nakaa hapa kama mwendawazimu naongea na simu, wewe unatupa tu! Basi na mimi nimechoka. Sitaki! Umesikia? Sitaki!"

Alijitupa kwenye kiti cha cherehani, akampa mgongo. Hakukumbuka kwamba alikuwa amekwisha gusa kisanduku kipya, na simu ilikuwa imekaa pale mapajani mwa mumewe ikimsikiliza.

Nyuma yake sauti yake mwenyewe ikafoka yote tena, mpaka "Sitaki!"

Aligeuka. Redio hakubonyeza pipa; alikuwa amehifadhi, na simu ameishika kwa mkono wake mzima. Akabonyeza tena. "We mwanamume, unataka nini?" ilianza, na "Sitaki! Umesikia? Sitaki!" ikamalizia. Machozi yalikuwa yanamtiririka upande ule wa uso unaofanya kazi, na ule usiofanya kazi.

Fundi alirudi taratibu. Hakujua aanzie wapi, akaanzia popote. Akarekodi upya, neno moja tu, bila zile lawama za mbele, na kidole cha mumewe kikaenda chenyewe kwenye alama ya kuhifadhi.

"Nikuletee chai?"

"Sitaki."

"Chai yenyewe? Au ya maziwa?" Akakumbuka kwamba kabla ya kuugua Redio alikunywa kahawa. Chai ilikuwa kinywaji cha Fundi mwenyewe. "Hata ya maziwa?"

"Sitaki."

"Mito hii?"

"Sitaki."

"Barazani," alisema, na kabla hajamaliza alishajua. Aliwaona wapita njia, akamwona mnadi wa mji mzima amekalishwa kwenye mito kama bidhaa, anawabariki watu kwa sauti ya kike. Mwaka mzima. Na yeye alisimama mlangoni akijivunia. "Barazani jioni?"

"Sitaki. Sitaki. Sitaki."

Kati ya maneno yote aliyomtengenezea, hakumwekea hilo. Halikumjia. Alikuwa amemjazia ukurasa mzima wa kukubali, kisha akawaacha watu waseme mumewe hana neno.

Alikaa sakafuni. Kulikuwa na swali moja, naye aliliogopa kuliko yote, maana sasa jibu lilikuwa linawezekana.

"Na mimi?" alisema. "Nimekuchosha. Nimwite mdogo wako aje akae na wewe? Unataka niondoke?"

Redio hakubonyeza mara moja. Alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena, na katika ule muda Fundi alihesabu makosa yake yote akaona yanatosha. Kidole kilishuka.

"Sitaki," sauti yake ilimwambia.