Kiti cha Kulia

Binti yangu alipojifungua tena, watu walimwambia hana haja ya kununua kigari cha watoto, maana kile cha mapacha kipo na kina viti viwili. Walisema kwa wema. Hata mimi maneno hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, ila niliona anavyokitazama nikayameza.

Viti vyake vilikaa ubavu kwa ubavu. Cha kushoto kilikuwa cha mjukuu wangu wa kiume, ninayemwita Mume Wangu, ingawa kazi yake ni kula, kulala na kununa kama waume wengine. Cha kulia kilikuwa cha pacha wake, mke mwenzangu. Huyo alitutoka usingizini kabla hajaota jino. Asubuhi moja mama yao alikwenda kuwaamsha, akaamka mmoja.

Tangu hapo binti yangu alikisukuma kigari kile hivyohivyo, mtoto upande mmoja, na upande wa pili mkanda umefungwa juu ya kiti kitupu. Ukimwambia aufungue, anasema utaburuzika chini.

Sasa kuna jambo sikumwambia mtu. Kigari chenye mzigo upande mmoja sharti kikuvute upande huo. Pakia mkokoteni ndoo zote kushoto uone kama hautakupeleka mtaroni. Kigari kile hakikuvuta. Nilikisukuma mwenyewe mpaka kliniki, Mume Wangu kanenepa kama gunia, na bado kilikwenda kimenyooka kama uzi. Nikajiambia, bibi wee, huo ni uzee.

Mtoto mchanga alipofika, naye wa kike, binti yangu alimbeba kifuani huku akisukuma. Siku moja mbele yangu alijaribu kumweka kiti cha kulia. Akainama, akabaki ameinama, akamrudisha kifuani. Alisema atamkalisha mapajani mwa kaka yake. Nikamwambia mtoto hakalishwi juu ya mtoto mwenzake kama sufuria. Avae viatu, twende dukani.

Muuzaji wa vigari alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono safi. Alikuwa na vipya na vilivyotumika, na ukileta cha zamani anakipokea, unaongezea kidogo. Alishona vifuko vya mchanga, kikubwa uzito wa mtoto anayetembea, kidogo uzito wa mtoto mchanga, ili mama ajaribu kusukuma bila kuwasumbua watoto. Vya ubavu kwa ubavu alivisifu, halafu akakiri kwamba ni kama ndoa, mnaona njia moja lakini milango haiwatoshi. Akatoa kingine, mkubwa anakaa mbele, mdogo nyuma yake, tena kiti cha nyuma kimegeuzwa kumwelekea mama.

Binti yangu aliuliza jambo moja tu: kama akisukuma atauona uso wa mdogo muda wote. Muuzaji akamjibu atamwona mpaka anavyopumua. Yule mtu hakujua amesema nini.

Mume Wangu alianza kuchoka, nikamtegea kitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina farasi anameza watu bila kuwatafuna, akifika anawatapika."

"Yai," akasema. Jibu lake ni yai kwa kila kitendawili, na akishasema yai hashindwi.

Binti yangu akazunguka duka na kile kigari kipya, akarudi, akatikisa kichwa kukubali. Niliona mabega yake yameshuka. Ndipo muuzaji akakipindua chetu cha zamani akague magurudumu.

"Mapacha wenu wanalingana kweli," akasema. "Wengi mmoja humpita mwenzake unene, tairi za upande wake zinaisha mapema. Hizi zimelika sawasawa, kushoto na kulia."

Nilisikia feni ya darini inavyokwaruza.

"Nilidhani ni mikono yangu," binti yangu akasema polepole.

"Hata mimi nilidhani ni yangu," nikamwambia.

Akanitazama. Kisha akamuuliza muuzaji atakifanya nini. Muuzaji, maskini, akaeleza kwamba kimechakaa, atakifungua, achukue vyuma na breki, vitambaa atupe. Binti yangu akaushika mpini wa kigari cha zamani kwa mikono miwili, akasema tunarudi nyumbani, kipya hatukitaki tena.

Nikajua akitoka nacho mlangoni, yule mdogo hatapata kiti maishani, na yeye mwenyewe hatapata pumzi.

"Mama," akaninong'oneza, "nikimwacha hapa, nani atamsukuma?"

"Ni mke mwenzangu yule," nikasema. "Wewe una wawili wanaokungoja. Huyu nipe mimi."

Vidole vyake vilikuwa vimekaza, nikaviondoa kimoja kimoja kama tunavyoondoa vya mtoto akishika shanga. Nikamwambia muuzaji cha zamani hakibadilishwi, tunalipa kipya kwa bei yake. Akatutazama, akahesabu pesa.

Binti yangu alimlaza mdogo kiti cha nyuma, uso kwa uso naye. Mume Wangu akapanda mbele kama dereva. Tulitembea pamoja mpaka njia panda, yeye na chake, mimi na changu. Changu hakikuwa na mtoto hata mmoja, lakini kilinivuta kulia njia nzima, mpaka kiwiko kikauma. Kwenye njia panda aligeuka kutazama. Mdogo akalia, akamwinamia, akaenda zake.

Nilipofika kwangu nilikigeuza mlangoni, nikapandisha magurudumu ya nyuma kwanza, ngazi moja, halafu nyingine, polepole, nisimwamshe.