Mlimau wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Dina, alikuja kutoka Ileje na begi moja na mlimau ndani ya kopo la rangi. Nyumba yake ilikuwa imebomolewa na mvua. Alisema wazi: "Mti huu ni wa kwangu. Mwakani mahindi yakivunwa haujazaa, narudi kwangu." Kwake zilibaki kuta mbili. Nilimpenda yule mama, nikaapa mlimau utazaa utake usitake.

Uani yalijaa malori ya kubeba chumvi, na mbuzi wa jirani hawabakizi kitu, kwa hiyo mti ukakaa sebuleni. Kopo likawa dogo. Mume wangu Ezron anauza chumvi ya Ivuna, viroba vitupu tunavyo tele. Nikachagua kilicho imara, nikajaza udongo, nikauhamishia mti humo. Nikajiona fundi.

Majani yakaanza kukauka nchani, kisha yakapukutika. Ezron akasema ni baridi. Jirani akasema umerogwa. Mama alikunja nguo zake akazirudisha kwenye begi. Hilo liliniuma kweli. Nikakikagua kiroba, nikaona weupe kwenye mishono, nikaulamba. Chumvi! Nilijitukana kwa Kinamwanga hadi Ezron akatoka nje.

Nikaosha mizizi kwa maji mengi, nikauhamishia kwenye ndoo niliyoitoboa chini, na udongo mpya wenye samadi. Nikauweka kwenye dirisha la jua la asubuhi, marufuku mtu kufunga pazia. Ukachipua, baadaye ukatoa maua. Ndani nyuki hawaingii, basi nikawa napitisha unyoya wa kuku ua hadi ua.

"Siku hizi umekuwa nyuki, Nesta?" Ezron akacheka.

"Nyuki anauma. Endelea tu."

Maua mengi yalidondoka. Likashika limau moja.

Mahindi yakavunwa. Asubuhi Mama alipoburuta begi hadi mlangoni, limau lilikuwa bado na ukijani ubavuni, na kwake limau bichi si zao. Sikungoja. Nikalichuma, nikalikata mbele yake. Akanusa, akafumba macho, machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Kwetu tunalila na chumvi. Niletee, mwanangu."

Chumvi! Nikaenda kuileta, ile ile ya Ivuna, huku nacheka na kulia. Niliporudi, begi lilikuwa kitandani, limefunguliwa, naye Mama ananiuliza msumari wa kutundikia nguo uko wapi.